Vitabu Vilivyokizidi Chumba

Mlinzi wa maktaba aliungua hadi kufa, na mwanamke aliyewekwa ndani kwa kifo hicho hakuwa na hatia. Hilo la kwanza lilikuwa na picha, vipimo na cheti cha daktari. La pili lilikuwa kichwani mwa mpelelezi Msumari tu, na cha kichwani hakiingii kwenye jalada.

Jalada lilisema mengine. Moto ulianzia ndani ya Chumba cha Chini, karibu na mlango, kwa mafuta ya taa. Mlango ulifungwa kwa nje. Mlinzi alikutwa nyuma ya rafu za mwisho, alikokwenda kujilaza kwa sababu kibanda chake kilikuwa kinavuja. Funguo za chumba zilikuwa mbili: mmoja wa Mkutubi Mkuu, aliyekuwa safarini na mashahidi wa kujaza basi, mwingine wa Mama Pacha, mkuu wa katalogi. Na wiki ileile Mama Pacha alimfokea mlinzi mbele za watu kwa kumkuta amelala zamuni. "Siku moja usingizi huu utakuua," alimwambia. Kila mtu husema maneno kama hayo. Bahati mbaya ya Mama Pacha ni kwamba yake yalitimia.

"Jalada liende kwa mwendesha mashtaka Jumatatu," mkuu wa kituo alisema. "Mauaji."

"Afande, sababu ya kuua iko wapi?"

"Ugomvi."

"Watu wangekuwa wanachomana kwa ugomvi wa usingizi, mji huu ungeshakuwa majivu."

"Basi nitafutie sababu nyingine, Msumari. Lakini mwanamke ni huyohuyo."

Walimwita Msumari kwa sababu wakubwa walimgonga kichwani miaka yote na bado hakutoka kazini. Alichukua kofia yake akaenda chuoni.

Mwalimu wa takwimu alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, na alikuwa amefunga mapazia ya darasa ili ukuta uonekane vizuri. Siku chache nyuma Msumari alimletea katalogi yote ya maktaba ndani ya kidude kidogo kuliko kidole. Aliuliza swali moja: ni nini hasa kiliungua?

"Nilidhani polisi huleta washukiwa," mwalimu alisema. "Wewe umeniletea vitabu."

"Washukiwa hawasemi ukweli, Mwalimu."

"Na vitabu navyo vina yao. Kaa."

Alimweleza polepole, na Msumari hakuona aibu kuelezwa. Kila kitabu cha maktaba kina rekodi yake kwenye kompyuta: jina, mwandishi, mwaka, idadi ya kurasa, urefu wake kwa sentimita, namba ya rafu, na namba ya mapokezi, ile inayogongwa kwa muhuri ndani ya jalada siku kitabu kinapoingia mlangoni. Chini kabisa kuna chumba kilipo, na jina la mtu wa mwisho kuigusa rekodi.

"Mtu akisoma rekodi mojamoja anapata usingizi," mwalimu alisema. "Ukizichora zote pamoja, zinaanza kusema."

Akabonyeza. Ukutani vilijipanga vijiti vyembamba, maelfu, vimesimama kama uzio wa matete.

"Kila kijiti ni kitabu cha Chumba cha Chini. Kurasa zimenipa unene. Nilikwenda mwenyewe kupima vitabu vya rafu nyingine ili nijue kurasa ngapi zinatoa sentimita moja. Urefu wa kijiti ni urefu wa kitabu. Sasa, ulinipa vipimo vya rafu."

"Nilivipima kwa futi ya fundi. Rafu ni za chuma. Zilibaki."

"Huu hapa mstari wa rafu zako."

Mstari mweusi ulitokea chini ya vijiti, ukatembea, ukakoma. Vijiti viliendelea. Vilipita mwisho wa mstari, vikapita ubao, vikaishia karibu na swichi ya taa.

Msumari alisimama akausogelea ukuta.

"Vimekizidi chumba."

"Kwa karibu nusu nzima."

"Labda walivirundika sakafuni."

"Nilikupigia simu kukuuliza sakafu. Ukasema majivu ya sakafuni yalikuwa membamba, na yote yalikuwa chini ya rafu." Akabonyeza tena. Baadhi ya vijiti viligeuka vyekundu, na vyote vilikuwa virefu kuliko wenzao. "Na hivi je? Nafasi kati ya rafu na rafu ni hii hapa. Ulisema zimechomelewa, hazipandi wala hazishuki. Hivi vyekundu havisimami pale hata uvikate kichwa. Ukivilaza, vinachomoza njiani, mtu hapiti."

"Ni vitabu gani?"

"Vya ramani. Ramani za zamani, zilizopakwa rangi kwa mkono. Nimetafuta kila kimoja. Mwaka juzi vilikuwa juu, chumba cha hazina, kwenye makabati mapana. Vilihamia Chumba cha Chini mwezi mmoja kabla ya moto."

"Kwa hiyo vilihamia kwenye karatasi tu."

"Kwenye karatasi hata mimi nina mume," mwalimu alisema.

Msumari alicheka kidogo, kisha akaacha. Aliona picha nzima. Mtu aliiba ramani. Ili zisitafutwe, alizihamishia kwenye rekodi za chumba, halafu akakichoma chumba. Moto ulimeza vitabu ambavyo havikuwahi kuwamo. Mlinzi ndiye pekee aliyekuwamo bila kuandikwa.

Hiyo ilikuwa sababu, tena ya kueleweka na hakimu yeyote.

"Nani alibadilisha rekodi?"

Mwalimu alisita, kidole juu ya kibonyezo.

"Hutapenda."

"Bonyeza."

Juu ya kila kijiti chekundu kilitokea kitambulisho kimoja, kilekile, kutoka cha kwanza hadi cha mwisho. Mama Pacha.

"Pole," mwalimu alisema. "Ulikuja kumtoa mtu wako shimoni, umemwongezea udongo."

*

Chumba cha katalogi kilikuwa na meza ndefu moja, kompyuta moja na harufu ya gundi. Mjalidi wa vitabu, mzee mwenye ndevu za kufika kifuani, alikuwa anashona mgongo wa kamusi kwa sindano ya gunia. Walimwita Babu Gundi.

"Mashine hii ni ya nani?" Msumari aliuliza.

"Ya serikali."

"Babu, sina muda."

"Hata mimi, mwanangu, ndiyo maana sikupotezei. Unauliza nani anaitumia? Mama Pacha anaifungua asubuhi kwa jina lake. Ukiifunga, kuiamsha ni kama kuamsha mlevi: mpaka akuelewe, umeshachoka. Basi haifungwi mpaka jioni. Hapa sote ni Mama Pacha. Mimi mwenyewe, na ndevu hizi, ni Mama Pacha tangu mashine iletwe."

Msumari alivuta kiti akakaa.

"Mkutubi Mkuu anajua?"

"Anajua kwamba kazi inakwisha."

"Nyinyi wangapi mnakaa meza hii?"

"Watatu. Mimi, yeye, na Mjomba."

"Mjomba wa nani?"

"Wa pacha. Karani wa mapokezi. Ni mdogo wake Mama Pacha, kitinda mimba wao. Mama yao alikufa akimnyonyesha, dada akambeba mgongoni huku naye bado anakwenda shule. Kazi hapa alimtafutia yeye. Pacha walipokuwa wanakuja hapa baada ya masomo walimwita mjomba, jengo zima likafuata. Hata Mkutubi Mkuu anamwita Mjomba, na ana umri wa baba yake."

"Kitabu kikihama chumba, mnafanyaje?"

"Unasukuma toroli mpaka rafuni. Unavishusha kama vilivyokaa. Unarudi, unabadilisha rekodi kimoja kimoja, unavipeleka kwao. Hakuna anayebadilisha anwani ya kitabu ambacho hakipo mkononi mwake. Hiyo hapa ni kama kuoa kwa simu."

Msumari alimpigia mwalimu papo hapo. Alitaka mchoro mwingine: mabadiliko yote, kwa mpangilio yalivyofanyika, kuanzia la kwanza mpaka la mwisho.

Aliupata kesho yake, kwenye karatasi mbili. Ya kwanza ilionyesha kazi za kawaida za meza ile kwa mwaka mzima: nukta zilipanda kufuata namba za rafu kama ngazi, kidato baada ya kidato, toroli baada ya toroli. Kisha zilifika nukta nyekundu za ramani, na ngazi ikavunjika. Nyekundu zilirukaruka, rafu ya juu, rafu ya chini, kabati la kushoto, kabati la kulia, kama panzi kwenye majani.

"Aliyefanya hivi hakuwa na toroli," mwalimu alikuwa ameandika pembeni. "Jaribu karatasi ya pili."

Karatasi ya pili ilipanga nukta zilezile kwa namba ya mapokezi. Nyekundu zilinyooka kama uzi wa fundi mwashi.

*

Mama Pacha aliletwa chumba cha mahojiano akiwa amevaa kanga ya kuazima. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa kunyoosha vitu. Alipokaa tu, aliinyoosha kalamu ya Msumari iwe sambamba na ukingo wa meza.

"Wanangu wanakula?"

"Wako kwa shangazi yao. Wanakula."

"Na mdogo wangu?"

"Yuko kazini."

Msumari aliweka karatasi ya kwanza mbele yake. Hakueleza kitu. Alimwona akisoma zile nukta kama mtu anavyosoma barua ya nyumbani, kidole kikipanda ngazi. Alipofika kwenye panzi wekundu, kidole kikasimama.

Akaweka ya pili.

Mama Pacha aliitazama mara moja tu. Kisha akaigeuza uso chini.

"Andika," alisema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliiba ramani. Nikachoma chumba. Mlinzi sikujua yumo. Andika, nitie sahihi, nirudi nikalale."

"Tangu uingie hapa umesema hujui kitu."

"Sasa najua."

"Sawa. Uliwauzia nani?"

"Wageni."

"Wageni gani?"

"Wageni ni wageni, afande. Wangekuwa na majina wangekuwa wenyeji."

"Rekodi ulizibadilishaje?"

"Kama kawaida. Nilikwenda na toroli hazina. Nilianza kabati la kwanza mlangoni, rafu ya juu, kushoto kwenda kulia. Halafu rafu ya pili. Halafu kabati la pili."

Msumari aliigeuza karatasi tena.

"Hata uongo wako una rafu, mama. Mtu huyu hakupita rafu hata moja. Alikaa na daftari la mapokezi akawa anashuka nalo ukurasa kwa ukurasa. Nani anashika daftari la mapokezi?"

Mama Pacha aliinyoosha karatasi iwe sambamba na kalamu.

"Ufunguo wako ulikuwa unalala wapi?"

"Mkobani."

"Mkoba?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kunaishi nani?"

"Afande." Alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. "Una jina langu kwenye kila rekodi. Una ufunguo wangu. Una maneno yangu mbele ya mashahidi. Na sasa una mdomo wangu mwenyewe unakiri. Polisi mwingine angeshukuru Mungu akaenda zake. Wewe unatafuta nini?"

"Aliyefanya."

"Nimelea mtoto yule kwa uji wa kuomba. Niache nimalize."

Msumari alikusanya karatasi zake. Kalamu aliiacha palepale, sambamba na ukingo.

*

Mstari ulionyooka haumfungi mtu, na Msumari alilijua hilo. Wakili yeyote angesema daftari liko mezani, kila mtu analifikia. Babu Gundi pia alikuwa na mikono. Ndiyo maana alikwenda chumba cha katalogi na toroli mbili, kila moja na vitabu kumi na viwili alivyookota chumba cha kusomea bila kuchagua.

"Vibadilishieni anwani," alisema. "Vyote vinakwenda ghorofani. Nataka nione kazi yenyewe inavyofanyika."

"Polisi wameishiwa kazi," Babu Gundi alinong'ona, akavaa miwani.

Mzee alivitazama vitabu migongo, akahamisha viwili vilivyokaa vibaya, akaanza kuandika. Hakufunua hata kimoja.

Mjomba alikuwa kijana wa makamo, shati limefungwa vifungo vyote, mwenye sura ya dada yake ila laini zaidi. Alikaa mbele ya toroli yake. Alichukua cha kwanza, akafunua jalada, akatazama muhuri, akakiweka pembeni. Akafunua cha pili. Aliendelea hivyo mpaka alipovipanga vyote mezani upya, namba ndogo mwanzo, namba kubwa mwisho. Mikono yake haikumuuliza. Aliponyoosha kidole kwenye kompyuta ndipo alipoona Msumari anaitazama mikono yake.

"Kwa nini umevipanga hivyo, Mjomba?"

"Ndivyo vinavyokuja."

"Vinakuja wapi?"

"Mlangoni. Kwangu." Alitazama vitabu, akatazama toroli ya mzee. "Mimi sijui rafu. Mimi najua vilivyoingia."

Babu Gundi alivua miwani, akasimama, akatoka bila kuaga. Mlango ulijifunga nyuma yake polepole.

Msumari aliweka mchoro juu ya vitabu. Mjomba hakuushika.

"Ramani ziko wapi?"

"Hazipo. Zilikatwa kurasa. Majalada yalitoka na gari la karatasi chakavu, chini ya magazeti." Alikuwa anaongea kama mtu anayesomewa na mwingine. "Wanunuzi waliniambia ni makaratasi ya kale, hakuna anayeyafungua. Na ni kweli, afande. Niliangalia. Hakuna aliyeyafungua tangu nianze kazi."

"Halafu?"

"Halafu likaja tangazo la ukaguzi."

"Ufunguo?"

"Nilimchukulia dada jioni alipokuwa anaoga. Nikaurudisha kabla hajaamka asubuhi."

"Mlinzi."

"Nilidhani yuko kibandani. Naapa."

"Kibanda kilikuwa kinavuja."

"Sikujua."

"Hukuita? Hukugonga kwanza?"

"Nani anagonga mlango wa chumba cha vitabu?"

Msumari alisogeza kiti karibu.

"Ulipomaliza kumwaga mafuta uliwasha, ukatoka, ukafunga. Sasa nieleze. Ulipofunga, ulisikia nini?"

Nje mtu alisukuma toroli tupu, gurudumu moja likilia, likapita, likaenda.

"Mjomba."

"Kikohozi."

"Cha mtu?"

"Nilijiambia ni moto. Moto nao unakohoa."

"Ufunguo ulikuwa wapi wakati huo?"

"Mkononi," alisema. Aliifungua mikono yake juu ya meza, mitupu, akaitazama. "Ulikuwa mkononi."

Msumari aliandika neno hilo kama lilivyosemwa. Alimpa asome, akampa atie sahihi. Sahihi yake ilikuwa nzuri, ya karani.

*

Walimtoa Mama Pacha siku iliyofuata. Alirudishiwa mkanda, saa na viatu, akavivaa kwenye benchi la mapokezi. Msumari alimkalia pembeni, kwa sababu hapakuwa na afisa mwingine aliyetaka kufanya hivyo.

"Ungeniacha," alisema, akifunga kiatu.

"Hakimu angekunyonga."

"Ningekwenda nikijua nakwenda kwa ajili ya nini. Yule ni mjinga, afande, si muuaji. Alichoma makaratasi. Mtu akawamo. Ajali hiyo ningeibeba. Nimebeba mazito kuliko hayo." Alimaliza kufunga kiatu, akainua uso. "Hakujua kama yumo. Si ndivyo alivyokwambia?"

Msumari alitazama ukuta. Angeweza kunyamaza. Lakini maelezo yangesomwa mahakamani kwa sauti, na Mama Pacha angekuwa amekaa kwenye viti vya mbele.

"Alimsikia anakohoa," alisema. "Alikuwa ameshika ufunguo."

Mama Pacha hakulia. Alifungua kiatu alichokuwa amekifunga, akakifunga tena, akakifungua. Mara ya tatu vidole vilikataa. Alikaa na kamba mkononi, mguu mmoja ndani ya kiatu na mwingine nje, mpaka pacha walipoingia na shangazi yao wakimwita, na hata hapo hakuinuka.

Baadaye Msumari alirudi mezani kufunga jalada. Mlinzi, amezikwa. Mjane wake, amerudi kwao na watoto watatu. Ramani, hakuna hata moja iliyopatikana. Mkutubi Mkuu, amehamishwa. Babu Gundi, ameacha kazi. Mama Pacha, amefukuzwa kwa kuwaachia wengine watumie jina lake. Mjomba, kitanzi au maisha, kama hakimu atakavyoona. Pacha wawili, wanauliza mjomba wao yuko wapi, na mama yao, aliyekuwa tayari kufa badala yake, amekataa kwenda kumwona.